Justus von Liebig

Justus von Liebig (Darmstadt, 12 Mei 1803 – München, 18 Aprili 1873) alikuwa mwanakemia na profesa wa chuo kikuu kutoka Ujerumani. Anakumbukwa hasa kwa mambo mawili: aliwafundisha wanafunzi kemia kwa kuwaachia wafanye majaribio wenyewe katika maabara, tena alieleza jinsi mimea inavyolishwa na madini ya udongoni.

Maisha

Baba yake aliuza dawa, rangi na kemikali, hivyo Liebig alizizoea tangu utotoni. Mwaka 1816, alipokuwa na umri wa miaka 13, majira ya joto yalikuwa ya baridi na mvua nyingi. Mavuno yaliharibika na njaa ikaenea katika sehemu kubwa ya Ulaya.

Alisoma Bonn na Erlangen, halafu akapata ufadhili wa mtawala wa Hesse kwenda Paris, alikofanya kazi katika maabara ya Joseph Louis Gay-Lussac. Kwa pendekezo la Alexander von Humboldt aliteuliwa kufundisha katika Chuo Kikuu cha Giessen mwaka 1824, akiwa na umri wa miaka 21 tu.

Ufundishaji

Wakati ule wanafunzi wengi wa kemia walimsikiliza tu profesa na kumtazama akifanya majaribio. Huko Giessen, katika jengo lililowahi kuwa la askari walinzi, Liebig aliwapa wanafunzi vifaa na kazi za kuchunguza wenyewe. Mwaka 1831 alitengeneza kifaa cha kioo chenye tufe tano, kilichonasa kaboni dioksidi inayotoka katika kitu kinachochomwa. Kwa kukipima uzito kabla na baada ya kuchoma, hata mwanafunzi aliweza kujua kiasi cha kaboni kilichomo.

Wanafunzi walifika kutoka nchi nyingi. Kati yao walikuwa August Wilhelm von Hofmann, August Kekulé na Adolphe Wurtz, ambao baadaye walikuwa maprofesa mashuhuri.

Utafiti

Pamoja na rafiki yake Friedrich Wöhler, aliweka misingi ya kemia ogania. Mwaka 1840 alitoa kitabu kuhusu matumizi ya kemia katika kilimo. Alifundisha kwamba kila mavuno huondoa madini shambani, na kwamba mkulima asiyeyarudisha huufukarisha udongo wake. Pia alieneza kanuni, iliyowahi kuelezwa na Carl Sprengel, kwamba ukuaji wa mmea huwekewa mpaka na kirutubishi kilicho haba kuliko vingine.

Hata hivyo alikosea pia. Mbolea aliyoibuni haikufaa, kwa sababu aliitengeneza isiyeyuke kwa urahisi, na mizizi ikashindwa kuifyonza. Aliamini pia kwamba mimea hupata nitrojeni ya kutosha kutoka hewani na katika mvua, lakini majaribio ya John Bennet Lawes na Joseph Henry Gilbert huko Rothamsted, Uingereza, yalionyesha kwamba ngano huhitaji kuongezewa nitrojeni. Vilevile alimpinga Louis Pasteur kuhusu uchachushaji, akikataa kwamba ni kazi ya hamira iliyo hai.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1852 alihamia Chuo Kikuu cha München, alikofundisha hadi kifo chake. Chuo Kikuu cha Giessen kinaitwa kwa jina lake, na maabara yake ya zamani mjini humo sasa ni makumbusho.