Hukwe Zawose: fundi aliyelikuza zeze bila kulipotezea sauti yake

Wengi wanaomkumbuka marehemu Hukwe Ubi Zawose humkumbuka kwa sauti yake, iliyoweza kuanzia kwenye mngurumo mzito wa kifuani na kupanda hadi wembamba wa filimbi ndani ya pumzi moja. Wachache ndio wanaokumbuka kwamba alikuwa pia fundi wa ala, na kwamba kazi ya mikono yake ilichangia sana kuamua kama muziki wa Wagogo ungeendelea kupigwa au ungebaki simulizi ya wazee.

Zawose alizaliwa mwaka 1938 katika kijiji cha Nzali, Dodoma, katikati ya nchi iliyoitwa Tanganyika wakati ule. Ugogo ni nchi kavu ya mibuyu, miiba na mvua haba. Kizazi cha wazazi wake kilikuwa bado kinaikumbuka Mtunya, njaa kuu iliyowaangamiza Wagogo wengi kati ya miaka ya 1917 na 1920. Utajiri wa nyumba ulihesabiwa kwa ng'ombe, na mtoto wa kiume alijifunza maisha machungani. Hukwe naye alichunga mifugo, na kutoka kwa baba yake akajifunza kuimba na kupiga ala za kwao.

Ala zenyewe hazikununuliwa dukani. Zilitoka katika mazingira yale yale yaliyowalisha watu. Zeze lilihitaji kibuyu kikavu au gogo lililochongwa na kutobolewa ndani, ngozi ya mnyama ya kuwambwa juu yake, mti ulionyooka wa kuwa shingo, vigingi vya kukazia nyuzi na upinde mdogo wa kuzisugua. Kila sehemu ilikuwa na siri yake. Kibuyu chenye ukuta mnene hakivumi. Ngozi iliyowambwa ikiwa mbichi hukaza inapokauka, na ikikazwa kupita kiasi hupasuka. Fundi alipaswa kujua haya yote kwa vidole na masikio, kwa kuwa hapakuwa na kitabu wala kipimo kilichoandikwa.

Ala ya pili iliyomtambulisha Zawose ni ilimba. Hiyo si ya nyuzi bali ya meno ya chuma yaliyopangwa juu ya sanduku la mti na kupigwa kwa vidole gumba. Mafundi wa Kigogo hutoboa matundu katika sanduku hilo na kuyaziba kwa utando wa buibui. Jino linapopigwa, utando nao hutetemeka na kuongeza mvumo mwembamba unaofanana na wa nyuki. Sikio lisilozoea linaweza kudhani ala imeharibika, lakini kwa Mgogo ilimba isiyovuma hivyo haijakamilika.

Ili kuelewa alichokifanya Zawose baadaye, ni lazima kuelewa pia jinsi Wagogo wanavyopanga sauti zao. Uzi wowote unapotetemeka hutoa sauti yake kuu, na juu ya sauti hiyo hutoa nyingine nyembamba zinazofuatana kwa mpangilio wa kimaumbile. Watafiti wa muziki wa Kigogo wameonyesha kwamba ngazi ya sauti ya watu hawa imejengwa juu ya mfululizo huo wa asili, hasa kuanzia sauti ya nne hadi ya tisa. Mojawapo, ile ya saba, haimo kabisa katika kinanda cha Kizungu, kwa kuwa huangukia katikati ya vibonyezo viwili vinavyopakana. Ndiyo maana wimbo wa Kigogo hauwezi kuhamishiwa kwenye piano bila kupungukiwa na kitu.

Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961. Mwaka uliofuata Mwalimu Julius Nyerere alipokuwa Rais aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akiamini kwamba nchi isiyo na utamaduni wake haijawa huru kamili. Miaka ya 1960 serikali ilitafuta wasanii vijijini ili wawakilishe makabila yao katika sanaa ya taifa. Nyerere mwenyewe alimwalika Zawose kuishi na kufanya kazi Dar es Salaam. Mchungaji wa Nzali akajikuta mjini, akiwapigia watu wasiokijua Kigogo, na baadaye viongozi na wageni wa nchi.

Hapo ndipo swali la ufundi lilipojitokeza. Zeze la nyuzi mbili lilimtosha mtu mmoja aliyeketi na wenzake jioni, na lilitosha kusindikiza wimbo wa masimulizi au wa kumsifu mfugaji. Katika ukumbi wenye mamia ya watu, sauti yake ilimezwa. Mwanamuziki wa wakati ule alikuwa na njia rahisi mbele yake: kuliweka zeze pembeni na kushika gitaa, kama walivyofanya vijana wengi wa bendi za dansi. Zawose hakuifuata. Alitengeneza mazeze makubwa kuliko yale ya wazee na kuyaongezea nyuzi, na akapiga ilimba kubwa zenye makumi ya meno. Nyuzi zilipoongezeka, zile zisizoguswa na upinde zilitetemeka zenyewe kwa kuitikia zilizoguswa, na mvumo wa ala ukajaa. Hata hivyo zilikazwa kwa kufuata masikio ya Kigogo. Ala ilikua kwa umbo, lakini ngazi ya sauti ilibaki ile ile iliyosikika Nzali.

Uzito wa uamuzi huo huonekana vizuri zaidi ukilinganishwa na yaliyotokea kwingineko Afrika Mashariki. Msomaji aliyekulia Ombaci, Arua au Koboko, huko West Nile nchini Uganda, analifahamu adungu, kinubi cha Waalur chenye shingo iliyopinda na sanduku lililofunikwa kwa ngozi. Adungu nalo lilikuzwa. Leo hutengenezwa kwa ukubwa mbalimbali, kuanzia dogo linalopakatwa hadi kubwa la besi linalosimamishwa chini, na yote hupigwa pamoja kama jamaa moja. Lakini mengi ya maadungu hayo hukazwa kwa ngazi ya do-re-mi ili yaendane na nyimbo za kanisani na za shuleni. Kwa njia hiyo adungu limepata nyumba katika kwaya, limevuka mipaka ya kabila lake na kupata vijana wengi wa kulipiga, na hilo si jambo dogo. Gharama yake ni kwamba ngazi za zamani husikika kwa nadra. Zawose alichagua gharama nyingine: alibaki na sauti ya kwao, akakubali kwamba msikilizaji mgeni atalazimika kujifunza kuisikiliza.

Mwaka 1981 kilianzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu 2007 kinajulikana kama Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Zawose alihamia katika mji huo wa pwani, akafundisha na kuendelea kupiga. Mji wenyewe ulimpa fundi wa bara mtihani mpya, kwa kuwa ngozi iliyozoea ukame wa Dodoma hulegea katika unyevu wa bahari, na ala iliyokazwa asubuhi inaweza kuwa imeshuka sauti kufikia jioni. Huko Bagamoyo Zawose alijenga makazi ya ukoo wake, na watoto, wapwa na wajukuu wakakua wakisikia ala zikichongwa, zikikazwa na kujaribiwa.

Kuanzia miaka ya 1980 jina lake lilivuka bahari. Santuri zake zilitolewa Uingereza na Japani, naye akawa mgeni wa kawaida katika matamasha ya WOMAD, yaliyoasisiwa na mwanamuziki wa Uingereza Peter Gabriel pamoja na wenzake. Mwaka 1996 kampuni ya Real World ilitoa albamu yake Chibite. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikafuata Assembly, aliyoitengeneza na mpiga gitaa wa Canada, Michael Brook, ambamo zeze na ilimba zilikutana na mitambo ya umeme. Mwaka 2002 alishiriki katika ziara ya Gabriel huko Amerika ya Kaskazini, akiwa na mpwa wake Charles Zawose. Fundi aliyeanza na kibuyu alikuwa sasa anapiga katika kumbi za maelfu ya watu.

Umaarufu huo ulikuwa na upande wake mwingine. Mtanzania aliyepigiwa makofi ng'ambo hakuwa lazima nyota nyumbani, ambako redio zilijaa dansi na taarabu, na baadaye muziki wa kizazi kipya. Msanii wa asili alialikwa kwenye sherehe za taifa, kisha akasahauliwa hadi sherehe nyingine. Zawose hakuhamia nje ya nchi. Baada ya kila ziara alirudi Bagamoyo.

Alifariki dunia tarehe 30 Desemba 2003, akiwa na umri wa miaka 65. Mwaka uliofuata Charles naye akafariki. Ukoo ulipoteza mwalimu, na kabla kilio hakijapoa ukampoteza yule aliyeonekana kuwa mrithi wake jukwaani. Hatari ilikuwa ya kweli, kwa sababu kanda inaweza kuhifadhi wimbo, lakini haiwezi kumwonyesha kijana ni kibuyu kipi cha kuchagua wala ngozi ikazwe kiasi gani. Maarifa ya aina hiyo hukaa katika mikono, na mikono hufa.

Yaliyofuata yanaonyesha kwamba Zawose hakuacha nyimbo peke yake. Mwanawe Msafiri Zawose ameendelea na muziki wa Kigogo, akiuchanganya na mitindo ya sasa, na mwaka 2017 alitoa albamu ya Uhamiaji. Badiliko kubwa zaidi lilikuja kupitia wanawake. Kwa desturi, wanawake wa Kigogo walisifika kwa ngoma ya muheme na kwa kuitikia nyimbo, ilhali zeze, ilimba na uongozi wa wimbo vilikuwa vya wanaume. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, kwa jina la The Zawose Queens, walitoa albamu ya Maisha kupitia kampuni ile ile ya Real World. Wakawa wao ndio wanaoongoza nyimbo na kuzishika ala ambazo hapo zamani hazikuwa zao.

Wapo watakaosema kwamba hilo linavunja mila. Lakini mila ambayo Hukwe Zawose aliipokea kwa baba yake haikuwa ile ile aliyoiacha, kwani mazeze yake yalikuwa na nyuzi ambazo wazee wa Nzali hawakuziweka. Alichokilinda ni ngazi ya sauti na ujuzi wa kutengeneza. Kibuyu hupasuka, ngozi huoza, uzi hukatika, na kila kizazi hulazimika kujitengenezea zeze lake upya. Kwa kadiri yumo mtu katika ukoo ule, mwanamume au mwanamke, anayejua kulikaza jipya hadi livume kama la Nzali, kazi ya mzee huyo haijaisha.