Malcolm Guthrie na Suala la Urefu wa Irabu katika Lugha za Kibantu

Miongoni mwa wataalamu walioijenga isimu linganishi ya lugha za Kibantu ni Malcolm Guthrie, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1903 na kufariki mwaka 1972. Jina lake hutajwa zaidi kwa sababu ya uainishaji wake wa herufi na tarakimu. Mwanafunzi anayeanza kuchunguza Kifipa mjini Sumbawanga hukutana nao mapema, kwani lugha hiyo ya nyanda za juu zilizo kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa ndiyo iliyopewa alama M13, ikifuatana na Kirungu (M14) na Kimambwe (M15). Mchango wake kuhusu urefu wa irabu hautajwi sana, ingawa ndio unaomfaa zaidi mtafiti wa aina hiyo.

Guthrie alikwenda Kongo mwaka 1932 akiwa mmisionari wa Kibaptisti, akafanya kazi Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, hadi mwaka 1940. Huko alijifunza Kilingala na kuandika sarufi na kamusi yake. Mwaka 1942 alijiunga na Chuo cha Taaluma za Mashariki na Afrika cha Chuo Kikuu cha London, na mwaka 1945 akakamilisha tasnifu ya udaktari kuhusu toni za Kibemba, lugha aliyoiweka katika Kanda M pamoja na Kifipa. Uainishaji wake ulichapishwa mwaka 1948, naye akawa profesa wa lugha za Kibantu mwaka 1951.

Katika suala la urefu, lugha yake ya kwanza haikuwa msaada mkubwa. Maneno ya Kiingereza ship na sheep hayatofautiani kwa urefu tu, bali pia kwa sifa ya irabu yenyewe; hivyo msikilizaji anaweza kuyatenganisha bila kuuzingatia muda. Katika Kijapani, obasan ni shangazi na obaasan ni bibi: irabu ni ileile, na kinachobadilika ni muda wake. Kiganda kinafanana na Kijapani katika jambo hili, kwani okusiba ni kufunga kitu, ilhali okusiiba ni kushinda mchana kutwa au kufunga saumu. Mzungumzaji wa Kiswahili naye ana kikwazo chake. Kiswahili hurefusha kidogo irabu ya silabi yenye mkazo, lakini urefu huo haubadili maana. Hata irabu mbili za neno njaa ni silabi mbili zilizokutana baada ya konsonanti kudondoka, kama neno la Kiganda enjala linavyothibitisha.

Guthrie hakuliachia sikio peke yake uamuzi. Katika kazi yake kuu ya juzuu nne, Comparative Bantu, iliyotoka kati ya mwaka 1967 na 1971, alilinganisha maneno ya lugha nyingi na kuunda zaidi ya mifuatano 2,000 ya maumbo yenye nyota, akiandika irabu ndefu kwa kurudia herufi. Kwa njia hiyo, tano ya Kiswahili ikilinganishwa na ttaano ya Kiganda, au zika na ziika, hudhihirika kwamba Kiswahili ndicho kilichopoteza urefu.

Si hoja zake zote zilizodumu. Dai lake kwamba kitovu cha kuenea kwa Wabantu kilikuwa kusini mwa msitu wa Kongo limeachwa, na wengi sasa wanafuata rai ya Joseph Greenberg inayokitaja kitovu hicho kuwa katika eneo la mpaka wa Nigeria na Kameruni. Aidha, alama M13 ni ya marejeo tu. Haisemi lolote kuhusu mfumo wa irabu wa Kifipa. Hata hivyo, mbinu ya ulinganishi ingali na nguvu. Katika lugha nyingi za Kibantu, irabu hurefuka kabla ya nazali na konsonanti, au baada ya kiyeyusho. Mtafiti asiyetenga urefu huo unaotabirika na ule wa mzizi ataandika kamusi inayounganisha maneno mawili kuwa moja. Na msomaji wa kamusi hiyo hatakuwa na njia ya kuyatenganisha tena.