Jean-Eugène Robert-Houdin

Jean-Eugène Robert-Houdin (jina la kuzaliwa: Jean-Eugène Robert, Blois, Ufaransa, 7 Desemba 1805 – Saint-Gervais, karibu na Blois, 13 Juni 1871) alikuwa fundi saa, mbunifu wa mashine, mwanamazingaombwe na mwandishi wa Ufaransa. Mara nyingi huitwa baba wa mazingaombwe ya kisasa, kwa sababu aliyatoa kwenye viwanja vya magulio na kuyaingiza katika kumbi za watu wa heshima. Nje ya jukwaa anakumbukwa pia kwa safari yake ya Algeria mwaka 1856, ambapo serikali ya Ufaransa ilimtumia kama chombo cha utawala wa kikoloni.

Maisha ya awali

Baba yake, Prosper Robert, alikuwa fundi saa mjini Blois. Akiwa na umri wa miaka 11 alipelekwa kusoma Orléans, akarudi nyumbani akiwa na miaka 18. Baba alitaka mwanawe awe mwanasheria, kwa hiyo kijana aliwekwa katika ofisi ya mwanasheria kama karani, kazi iliyomfaa kwa kuwa alikuwa na mwandiko mzuri. Lakini muda wake mwingi aliutumia kuchezea vifaa vidogo vya mashine. Mwishowe aliruhusiwa kujifunza utengenezaji wa saa kwa binamu yake.

Kwa mujibu wa kumbukumbu zake mwenyewe, aliingia katika mazingaombwe kwa bahati tu. Aliagiza vitabu viwili vya Ferdinand Berthoud kuhusu ufundi wa saa. Muuza vitabu alikosea akamfungia vingine viwili, vilivyohusu michezo ya kisayansi na viinimacho. Hakuvirudisha. Kwa kuwa vitabu hivyo vilieleza siri bila kufundisha mikono, alimwendea mtu mmoja wa Blois aliyejua kurusha mipira hewani, akajifunza kwake. Zoezi hilo liliyapa macho na vidole vyake wepesi alioutegemea maisha yake yote.

Kumbukumbu hizo zinasimulia pia kwamba alilelewa kisanaa na mwanamazingaombwe msafiri aliyeitwa Torrini. Wanahistoria wengi huona kuwa Torrini ni mhusika wa kubuni, na msomaji wa maisha ya Robert-Houdin anapaswa kuzoea jambo hilo: sehemu kubwa ya yanayojulikana juu yake ilitoka kwake mwenyewe, naye alikuwa mtu wa jukwaani hata alipokuwa akiandika.

Mwaka 1830 alimwoa Cécile Houdin, binti wa Jacques-François Houdin, fundi saa wa Paris. Alihamia huko kufanya kazi katika karakana ya baba mkwe wake, akaunganisha jina la mkewe na lake. Walizaa watoto wanane, lakini watatu tu ndio waliokua. Cécile mwenyewe alifariki mwaka 1843, na mwaka uliofuata Robert-Houdin alimwoa Olympe Braconnier, aliyewalea watoto hao.

Fundi wa mashine

Katika miaka ya Paris aliishi kwa kutengeneza saa na sanamu zinazojiendesha zenyewe kwa magurudumu na springi. Maarufu zaidi ilikuwa sanamu ya mwandishi: mtu mdogo aliyeketi mezani ambaye, akiulizwa swali, aliandika jibu au kuchora picha. Ilionyeshwa katika maonyesho ya viwanda ya Paris ya mwaka 1844, mfalme Louis-Philippe akaiona, na fundi wake akapewa medali ya fedha. Baadaye ilinunuliwa na P. T. Barnum, mfanyabiashara wa maonyesho kutoka Marekani.

Ukumbi wa Palais-Royal

Kwa fedha za rafiki yake, kabaila de l'Escalopier, alifungua ukumbi wake mwenyewe wenye viti takriban 200 katika jengo la Palais-Royal. Onyesho la kwanza lilikuwa tarehe 3 Julai 1845, nalo halikwenda vizuri: alikuwa na hofu, akasema harakaharaka kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Alikaribia kuacha, lakini aliendelea, na usiku kwa usiku ukumbi ukajaa.

Jukwaa lake lilionekana tofauti na la wenzake. Hapakuwa na majoho yenye nyota, meza zilizofunikwa kwa vitambaa virefu wala fuvu la kichwa. Palikuwa na samani chache kama sebuleni kwa tajiri, na yeye mwenyewe alivaa suti nyeusi ya jioni kama wageni wake. Wapo waliovaa hivyo kabla yake, lakini kwa mfano wake desturi hiyo ilienea hata ikawa sare ya wanamazingaombwe duniani.

Kati ya michezo yake, mti wa machungwa ulionyesha vizuri jinsi saa na kiinimacho vilivyokutana. Leso ya mtazamaji ilitoweka. Mti mdogo juu ya meza ukachanua maua, ukazaa machungwa, nayo yakagawiwa watazamaji wakayala. Chungwa la mwisho lilifunguka lenyewe, na vipepeo viwili vya mashine vikaruka vikiwa vimeishika leso ile.

Mwaka 1846 alianza mchezo wa macho ya pili pamoja na mwanawe Émile. Mtoto alikaa jukwaani akiwa amefungwa kitambaa machoni. Baba alipita kati ya watu akiinua saa, sarafu au pete, na mtoto akataja kila kitu, hata maandishi yaliyochongwa juu yake. Siri ilikuwa lugha ya ishara waliyopatana, pamoja na kumbukumbu kali. Robert-Houdin alieleza kwamba walizoea kupita mbele ya madirisha ya maduka, kisha kila mmoja akaandika vitu vingi kadiri alivyoweza kukumbuka.

Mwaka 1847, wakati magazeti yalipojaa habari za etha, dawa mpya ya usingizi wa upasuaji, alimfanya mmoja wa wanawe anuse chupa, kisha akamlaza hewani akiwa ameegemea fimbo moja tu chini ya kiwiko. Etha haikuhusika hata kidogo. Lakini watu waliamini, na wapo waliomlaumu kwa kumhatarisha mtoto.

Mapinduzi ya mwaka 1848 yaliwaondoa watazamaji Paris. Alivuka kwenda London, akaonyesha katika ukumbi wa St James's na mbele ya malkia Viktoria. Miaka michache baada ya kurudi alimwachia ukumbi shemeji yake, aliyejulikana kama Hamilton, akastaafu kijijini Saint-Gervais.

Safari ya Algeria

Ufaransa iliivamia Algeria mwaka 1830, na miaka 26 baadaye upinzani ulikuwa haujaisha, hasa katika milima ya Kabylia. Maofisa Wafaransa waliona kwamba nguvu ya upinzani ilitoka kwa viongozi wa kidini walioaminiwa kuwa na karama: kutodhuriwa na moto, sumu au risasi. Kanali de Neveu, mkuu wa ofisi ya mambo ya siasa mjini Algiers, akamwita mstaafu huyo awaonyeshe machifu kwamba Wafaransa wana uwezo mkubwa zaidi.

Maonyesho yalifanyika mwezi Oktoba 1856 katika ukumbi wa Bab Azoun mbele ya machifu walioalikwa na serikali. Robert-Houdin alimwita mtu mwenye nguvu ainue kasha dogo, naye akaliinua kwa urahisi. Kisha akamtangazia kwamba amemnyang'anya nguvu zake, na kasha halikuondoka sakafuni. Chini ya jukwaa palikuwa na sumaku ya umeme, na kitako cha kasha kilikuwa cha chuma. Katika Paris mchezo huo ulikuwa wa kuchekesha. Hapa uligeuzwa kuwa wa kumdhalilisha mtu mbele ya watu wake, maana umeme ulipitishwa pia katika mpini mpaka akaanguka magoti na kukimbia. Baada ya hapo mtu mwingine alimpiga risasi, na risasi ikaonekana imekwama katika tofaa alilolishika kwa ncha ya kisu.

Anasimulia pia kwamba huko bara kiongozi mmoja wa kidini alimtaka arudie mchezo wa risasi bila vifaa vyake. Aliomba muda hadi kesho yake, na usiku akatengeneza risasi za nta iliyochanganywa na masizi, moja akiijaza damu yake mwenyewe. Asubuhi alionyesha risasi ya kwanza kati ya meno yake. Ya pili aliipiga ukutani, na ukuta ukatoka damu.

Katika habari hizo kuna mgongano usiofichika. Kwanza machifu walitishwa kwa uchawi, kisha wakalimani wakaambiwa wawaeleze kwamba yote ni ustadi tu. Machifu walimkabidhi hati ya kumsifu. Hata hivyo ilitolewa chini ya macho ya watawala, na simulizi lote linategemea kalamu yake. Vita navyo havikukoma kwa kiinimacho. Mwaka 1857 jeshi la Ufaransa lilishambulia Kabylia na kumkamata Lalla Fatma N'Soumer, na mwaka 1871, mwaka aliokufa Robert-Houdin, Kabylia iliinuka tena chini ya Mokrani.

Uzeeni

Nyumba yake ya Saint-Gervais ilikuwa maabara. Lango lilipofunguliwa kengele zililia ndani. Saa zote za nyumba ziliongozwa na saa moja kwa njia ya umeme. Farasi alilishwa kwa wakati bila mkono wa mtu. Alibuni pia vyombo vya kuchunguza jicho.

Aliandika sana. Kumbukumbu zake zilitoka mwaka 1858, kitabu cha kufichua hila za wacheza kamari mwaka 1861, na mwaka 1868 kitabu cha kufundisha siri za mazingaombwe, ambacho kwa wenye fani kina thamani kuliko kumbukumbu.

Mwanawe Eugène, kapteni wa jeshi, alijeruhiwa katika mapigano ya Wörth mwezi Agosti 1870, vita vya Ufaransa na Prussia vilipoanza, akafa. Majeshi ya Kijerumani yalipofika Blois, mzee aliificha familia yake pangoni. Afya yake haikurudi tena. Aliugua nimonia akafariki akiwa na umri wa miaka 65.

Baada ya kifo chake

Kijana wa Marekani mwenye asili ya Hungaria, Ehrich Weiss, alivutiwa sana na kumbukumbu zake hata akajiita Houdini. Mwaka 1908 Houdini huyohuyo alichapisha kitabu cha kumshtaki shujaa wake wa zamani kwamba michezo mingi aliyojivunia ilibuniwa na wengine. Baadhi ya mashtaka yana msingi, ingawa kitabu chenyewe kina makosa mengi.

Ukumbi, uliokuwa umehamishiwa Boulevard des Italiens, ulinunuliwa mwaka 1888 na Georges Méliès kutoka kwa mjane wa Émile. Méliès alionyesha humo viinimacho, na baadaye filamu zake za kwanza.

Mjini Blois, mkabala na ngome ya wafalme, makumbusho ya mazingaombwe yalifunguliwa mwaka 1998. Kwa saa maalumu vichwa vya joka vya mashine hujitokeza katika madirisha yake.