Maisha ya Jaji Ulric Cross

Muhula uliopita, katika somo la kusoma ramani, nilipima pembe vibaya. Nilitakiwa nitoke hapa Manyovu nifike Kasulu, nami kwa hesabu zangu nikawa nimeingia Burundi. Darasa zima lilicheka. Mwalimu hakucheka, bali alitusimulia habari za mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kutoikosa pembe hiyo gizani, na ambaye baadaye alikuwa jaji katika nchi yetu.

Ulric Cross alizaliwa Port of Spain, kisiwani Trinidad, tarehe 1 Mei 1917. Alikuwa hodari wa masomo, lakini mama yake alipofariki, naye ana miaka 13, hamu ya vitabu ilimwondoka, akaacha shule. Sehemu hii niliisoma mara mbili, maana mimi nilifiwa na mama nikiwa Kidato cha Pili, na muhula ule nilikuwa wa mwisho darasani.

Mwaka wa 1941 aliingia jeshi la anga la Uingereza, akafundishwa kuongoza njia. Zamani huko pwani rubani alikuwa yule ajuaye njia za maji. Katika ndege za vita rubani alishika usukani tu, na mjuzi wa njia alikuwa mwingine. Huyo ndiye Cross, katika kikosi cha 139. Ndege yao, Mosquito, ilikuwa ya mbao, ilichukua watu wawili, wala haikuwa na bunduki. Mbio ndizo zilizokuwa ngao yake.

Silaha za Cross basi zilikuwa penseli, ramani, saa na dira. Upepo usukumao ndege ubavuni hauonekani. Hana budi aukadirie na kuutia katika hesabu upesi, huku mizinga inalipuka nje. Kosa la digrii moja katika maili 60 hukupoteza maili moja, na kufika Berlin ni mamia ya maili. Tena kikosi chake kiliwekwa miongoni mwa waliotangulia kuonyesha shabaha, hata akikosa yeye, wengi wamfuatao wamekosa pia. Safari moja walirudi kwa injini moja, wakapita mwisho wa kiwanja na kutumbukia katika machimbo ya mawe yaliyoachwa. Wote wawili walitoka hai.

Alikwenda safari 80, zaidi ya 20 katika hizo zikiwa za Berlin. Mwaka wa 1944 alipewa nishani ya D.F.C., na 1945 ile ya D.S.O.

Vita vilipokwisha alirudia vitabu alivyoviacha, akawa mwanasheria mwaka wa 1949. Alifanya kazi Ghana na Kameruni, na mwaka wa 1967 akaja Tanzania kuwa jaji wa Mahakama Kuu. Alifundisha sheria Dar es Salaam, akaongoza pia baraza lililoamua mashauri ya wafanyakazi na waajiri. Mwaka wa 1971 alirudi kwao kuendelea na ujaji.

Kuanzia 1990 hadi 1993 alikuwa balozi wa Trinidad na Tobago mjini London, na ubalozi wake ulihusu Ujerumani pia. Ningependa kujua kama aliwahi kufika Berlin mchana, akaona nyumba na watu, na alijisikiaje. Alifariki tarehe 4 Oktoba 2013, akiwa na miaka 96.