Seif Sharif Hamad

Seif Sharif Hamad (22 Oktoba 1943 – 17 Februari 2021), aliyejulikana zaidi kama Maalim Seif, alikuwa mwalimu na mwanasiasa wa Zanzibar, nchini Tanzania. Alizaliwa Mtambwe, kisiwani Pemba.

Alikuwa Waziri Kiongozi kuanzia 1984 hadi 1988, alipofukuzwa CCM. Aliwekwa kizuizini 1989–1991, kisha akawa kiongozi wa Chama cha Wananchi (CUF).

Tarehe 26 na 27 Januari 2001 polisi waliwapiga risasi na kuwaua wafuasi wa CUF walioandamana kupinga uchaguzi wa 2000, wengi wao Pemba. Watu wapatao 2,000 walikimbilia Shimoni, Kenya. Badala ya kulipiza kisasi, CUF ilikaa mezani na CCM. Muafaka ulitiwa saini tarehe 10 Oktoba 2001.

Mwaka 2009 alipatana na Rais Amani Abeid Karume. Kura ya maoni ya 31 Julai 2010 iliidhinisha Serikali ya Umoja wa Kitaifa kwa asilimia 66.4, naye akawa Makamu wa Kwanza wa Rais.

Watu waliuawa tena Pemba wakati wa uchaguzi wa 2020. Chama chake kipya, ACT-Wazalendo, kilikataa matokeo, lakini Desemba alikubali kurudi katika cheo hicho. Alifariki miezi miwili baadaye akazikwa Mtambwe.