Lisanuddin Ibn al-Khatib na Maradhi ya Tauni

Katika wanavyuoni wa Andalus wapasao kujulikana na kila Mwislamu ni Lisanuddin Ibn al-Khatib. Alizaliwa mwaka 713 wa Hijra (1313) katika mji wa Loja, karibu na Granada, nchi ya Hispania. Alikuwa tabibu, mshairi na mwandishi wa tarikh.

Mwaka 749 (1348) tauni iliingia Andalus, ikaua watu wengi mno. Waziri wa Granada, Ibn al-Jayyab, alikufa mwaka 1349, na Ibn al-Khatib akashika mahali pake.

Zama zile wengi walishika dhahiri ya Hadithi ikanushayo kuambukizana, wakadhani kujihadhari ni upungufu wa imani. Ibn al-Khatib akawajibu kwa risala, akitaja yaliyoonekana kwa macho. Achanganyikaye na wagonjwa huugua, na ajitengaye husalimika. Nguo au chombo cha mgonjwa, hata kipuli cha sikioni, huingiza maradhi nyumbani. Bandari iliyo salama huharibika afikapo mtu kutoka nchi yenye tauni, na mabedui wakaao mbali hawapatwi. Akahukumu kwamba dalili ya maandiko ikipingana na yaliyothibiti kwa macho, hapana budi ifasiriwe kwa maana nyingine.

Nasi twaona hakutoka katika dini, kwani Mtume (s.a.w.) mwenyewe amekataza kuingia mji wenye tauni, na kuutoka.

Mwaka 1894 Alexandre Yersin alikigundua kijidudu cha tauni huko Hong Kong. Baadaye ikathibiti kuwa hubebwa na viroboto wa panya, nao hujificha nguoni. Na tauni ya mapafu hupita kwa kikohozi. Basi aliyoyaona waziri yule yalikuwa kweli.

Mwisho wake ulikuwa mchungu. Maadui zake wa baraza la Granada walimshitaki uzandiki, akanyongwa gerezani Fez mwaka 776 (1374). Risala yake imebaki.

Ndugu zetu, anayekohoa asiende karamuni akawaambukiza wenziwe. Amwuguzaye mgonjwa anawe mikono kwa sabuni. Na takataka zivutazo panya ziondolewe mitaani. Ngamia hufungwa kwanza, kisha mtu akatawakali. Na apuuzaye kinga hajihatarishi nafsi yake tu, bali pia jirani yake, naye ana haki juu yake.