Shemasi Mkuu Owen na Watoto wa Mashamba ya Chai

Somo: Kumbukumbu la Torati 24:14-15, Yakobo 5:4

Wiki hii tunamwangalia mtumishi ambaye kule Nyanza wazee bado wanamtaja, na ambaye kazi yake ilifika mpaka hapa kwetu Kericho. Ni Walter Edwin Owen.

Owen alikuwa Mwingereza wa kanisa la Anglikana. Alifika Uganda mwaka 1904 kama mmisionari, na mwaka 1918 akafanywa Shemasi Mkuu wa Kavirondo, ndiyo Nyanza na Magharibi ya leo. Angeweza kukaa misheni, abatize, azike, aende nyumbani. Lakini waumini wake walikuwa watu wa kibarua. Jumapili wako kanisani, Jumatatu wanachukuliwa kwa nguvu kutengeneza barabara za serikali, hata akina mama na watoto. Owen aliona kwamba huwezi kumchunga kondoo Jumapili peke yake.

Mwaka 1923 alisaidia kuunda chama cha ustawi wa walipa kodi wa Kavirondo, kutoka kwa kile chama cha vijana watu walichokiita Piny Owacho. Wanachama walifundishwa kuchimba choo, kuua panya, kupanda miti, na kulala mahali safi. Wengine walimcheka, wakasema amewatoa kwenye siasa ya ardhi akawaleta kwenye mambo ya panya. Na kweli, hakuwa mtu asiye na kasoro. Lakini alijua mwili wa mfanyakazi pia ni mali ya Mungu.

Kisha ikaja habari ya majani chai. Makampuni yalikuwa yameanza kupanda hapa Kericho miaka ya 1920, na vibarua wengi walitoka Nyanza. Kati yao walikuwa watoto. Mwaka 1938 sheria ya koloni iliruhusu mtoto wa miaka 10 kuandikwa kazi. Fikiria mtoto wako wa darasa la nne, wapendwa, yuko mbali na mama yake, asubuhi ya baridi na umande, na kikapu mgongoni.

Owen hakunyamaza. Aliandika barua kwa serikali, akaandika kwa magazeti ya Uingereza, mpaka jambo likaulizwa bungeni London. Mwaka huohuo serikali ya Kenya iliunda kamati ya kuchunguza ajira ya watoto. Masetla walikasirika sana. Cheo chake walikigeuza, wakamwita Pepo Mkuu wa Kavirondo. Yeye aliendelea tu na kazi mpaka alipofariki mwaka 1945.

Sasa sisi tunajifunza nini? Owen hakuwa Mpentekoste, lakini Roho wa Mungu anatuuliza swali kupitia kwake. Kwenye estate zetu kuna ushirika karibu kila kambi. Mchungaji anajua nani anaumwa mgongo, nani amepunguziwa siku za kazi kwa sababu ya mashine za kuchuna, nani anakunywa kwa sababu ya mawazo. Mwaka 2023 dunia nzima ilisikia vile akina mama wa mashamba ya chai hapa Kericho walivyodaiwa miili yao na wasimamizi ili wapate kazi. Hao ni dada zetu wa kwaya. Je, walipolia, walikuwa na mzee wa kanisa wa kumwambia? Na wakimwambia, aliwaombea tu na kuwaambia wavumilie?

Maombi ni lazima. Lakini Owen aliomba na pia akashika kalamu. Mchungaji anaweza kumsindikiza dada mpaka kwa chama cha wafanyakazi, kwa ofisi ya leba, au polisi. Wewe supavaisa uliyeokoka, hesabu kilo za mtu kwa haki, kwa maana Yakobo anatuonya kwamba mshahara ulioibwa unalia, na Bwana wa majeshi anasikia.

Na wewe mchunaji uliyechoka, usibebe peke yako. Njoo kwa mchungaji wiki hii, useme. Hiyo si kukosa imani.

Tuombe: Bwana, tupe wachungaji wanaosikia, na utupe ujasiri wa kusema. Amina.